Barabara Ipi Itengenezwe Kwanza? Zamu za Matengenezo Katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Pengine hakuna swali liulizwalo mara nyingi katika mabaraza ya Kericho na Bomet kama hili: "Kwa nini barabara ya wenzetu imetengenezwa na yetu imeachwa?" Mkulima aulizaye hivyo hana kosa. Majani yake yamelala kituoni tangu saa nane mchana, mvua inanyesha, na lori la kiwanda limekwama kilimani upande wa pili wa mto. Yeye hataki maneno mengi. Ataka kujua zamu yake itafika lini, na ni nani aliyeipanga zamu hiyo.

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi zamu hizo zinavyopangwa, kwa nini barabara mbovu kuliko zote siyo ambayo daima hutengenezwa kwanza, na mahali ambapo mwananchi aweza kutia neno lake likasikika. Msomaji asitarajie kwamba baada ya kusoma atakubaliana na kila uamuzi. Lakini mtu ajuaye jinsi mizani ilivyotengenezwa aweza kumwambia mpimaji kwamba amepima vibaya, na mtu asiyejua hana ila kunung'unika.

MAMBO YAPENDEZAYO CHAI HUIUDHI BARABARA

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini nchi hii ina shida ya barabara kupita nchi nyingine nyingi. Mji wa Kericho uko juu kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa yenye unyevu itokayo Ziwa Victoria hupanda ikakutana na milima, na ndiyo maana mvua hunyesha karibu kila alasiri kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mara nyingine huja na mawe. Udongo ni mwekundu, wenye kina kirefu na uchachu, na nchi yote ni miteremko na mabonde.

Hayo yote ndiyo yanayopendwa na mchai. Mvua isiyokatika huufanya utoe machipukizi mwaka mzima. Udongo wa kina huipa mizizi nafasi. Mteremko huondoa maji yasisimame mizizini. Lakini yale yale yanayouneemesha mchai huiharibu barabara. Udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Maji yateremkayo kilimani yasipopewa mfereji wa kupita huifanya barabara yenyewe kuwa mfereji. Barabara isiyo na lami ambayo katika nchi kavu ingedumu miaka mingi, hapa huweza kuchimbika katika masika moja.

Shida ya pili ni kwamba majani ya chai hayangoji. Pamba iliyochumwa yaweza kukaa ghalani. Mahindi yaweza kukaa mwaka mzima. Lakini majani mawili na chipukizi moja yakishachumwa huanza kubadilika saa ile ile. Yakirundikwa na kushindiliwa katika gunia hupata joto, huwa mekundu, na chai itokayo humo huwa duni. Yapasa yafike kiwandani katika muda wa saa chache, yakatandazwe yapate hewa. Tena mchai wenyewe hauna subira: huchumwa kila baada ya siku saba mpaka kumi na nne hivi, na ukipitishwa zamu yake majani hukomaa yakawa magumu. Kwa hiyo lori likishindwa kufika kwa siku mbili, mkulima hukosa malipo ya siku hizo mbili, kisha hukuta shamba limemharibikia kwa zamu ifuatayo.

NJIA HIZI ZILIANZAJE?

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, nayo ilipita kaskazini ya nchi hii. Stesheni ya Lumbwa, ambayo sasa huitwa Kipkelion, ilikuwa ndiyo mlango wa reli kwa watu wa Kericho. Makampuni makubwa ya chai yalipoanza kupanda katika miaka ya 1920, yalijitengenezea barabara zao ndani ya mashamba yao, na mpaka leo njia za ndani ya mashamba hayo hutunzwa na wenye mashamba.

Kwa wakulima wadogo mambo yalikuwa mengine. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio ulioifungua njia ya Waafrika kupanda mazao ya biashara kwa wingi. Mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA la kusimamia chai ya wakulima wadogo. Shirika hilo lilitoka mikononi mwa Serikali mwaka 2000 likawa kampuni ya wakulima wenyewe. Viwanda vikajengwa karibu na wakulima: Litein, Kapkatet, Momul, Tegat na Toror upande wa Kericho, Mogogosiek, Kapset, Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet, na vingine zaidi.

Hapo ikaonekana tofauti kubwa kati ya shamba kubwa na mashamba madogo. Shamba kubwa ni mahali pamoja, na kiwanda kimo ndani yake. Wakulima wadogo wametawanyika juu ya kila kilima, nao hupeleka majani kwenye vituo vya kukusanyia, na kila kituo lazima kifikiwe na lori. Kiwanda kimoja huwa na vituo vingi, na kila kituo kina njia yake. Kwa sababu hiyo katika miaka ya 1960 Serikali ilikopa fedha za kigeni makusudi kwa ajili ya barabara za chai, maana ilikwisha kuonekana kwamba kupanda michai bila kufungua njia ni kumwahidi mkulima mali asiyoweza kuifikisha sokoni.

Mwaka 1974 ulianza mpango mwingine wa barabara za vijijini, ambao kazi yake ilifanywa zaidi kwa majembe, sururu na mikono ya wenyeji kuliko kwa mitambo. Katika muda wa miaka kumi na zaidi kidogo zilifunguliwa kiasi cha kilomita 8,000 katika Kenya. Mpango huo ulitoa fundisho ambalo halijapitwa na wakati: kufungua barabara ni kazi ya miezi, bali kuitunza ni kazi isiyo na mwisho.

NI NANI MWENYE BARABARA?

Watu wengi hudhani barabara zote ni za ofisi moja. Sivyo. Sheria ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: moja ya barabara kuu za taifa, ya pili ya barabara za vijijini, na ya tatu ya barabara za mijini. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikaziweka barabara za kaunti chini ya Serikali za Kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013. Basi barabara ya lami itokayo Kericho kupitia Litein kwenda Sotik ina mwenyewe, na njia ya udongo iachanayo nayo kwenda kituo cha chai yaweza kuwa na mwenyewe mwingine kabisa. Mwananchi apelekaye malalamiko kwa asiyehusika hupoteza miezi mingi bure. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: barabara hii ni ya nani?

Fedha nazo hutoka mahali mbalimbali. Tangu mwaka 1993 kuna ushuru wa matengenezo ya barabara utozwao juu ya petroli na dizeli, na Bodi ya Barabara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ndiyo iugawao. Mwezi wa Julai 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita, na mwaka 2025 shilingi 7 katika hizo zikatengwa kwa kulipia madeni ya makandarasi. Kila apandaye matatu au pikipiki, na kila mkulima ambaye majani yake huchukuliwa kwa lori, ameulipa ushuru huo hata kama hajapata kumiliki gari. Kaunti nazo zina fedha zao katika bajeti. Tena Sheria ya Chai ya mwaka 2020 imeelekeza kwamba sehemu ya ushuru wa chai itumike kwa kujenga vitu vya manufaa katika nchi zilimazo chai.

Ni vema pia kujua kwamba sehemu moja ya fedha za ushuru wa mafuta imekuwa ikigawanywa sawasawa kwa majimbo yote 290 ya uchaguzi. Kericho ina majimbo sita: Ainamoi, Belgut, Bureti, Kipkelion Mashariki, Kipkelion Magharibi, na Sigowet-Soin. Bomet ina matano: Bomet ya Kati, Bomet Mashariki, Chepalungu, Konoin na Sotik. Kugawa sawasawa kwaonekana kuwa ni haki, na kwa namna moja ni haki. Lakini shilingi milioni moja katika nchi tambarare na kavu hutengeneza kipande kirefu cha barabara, na katika milima ya Konoin, penye mvua nyingi na mito ya kuvukwa, hutengeneza kipande kifupi. Kwa hiyo hata pasipo mtu kuiba wala kupendelea, fedha hazitoshi, na hapo ndipo kuchagua kunapokuwa hakuepukiki.

MIZANI YA MHANDISI

Mhandisi wa barabara akiwa na orodha ya barabara nyingi na fedha za chache tu, hutazama mambo haya.

La kwanza ni hali ya barabara ilivyo sasa. Watu wake huipita yote, huandika mashimo, mifereji iliyoziba, mabomba ya kupitishia maji yaliyovunjika, na mahali pasipopitika wakati wa mvua.

La pili ni idadi ya magari yapitayo kwa siku. Hapa katika nchi ya chai pana mtego. Barabara ya kituo cha chai yaweza kupitwa na magari machache sana, labda pikipiki kadhaa na lori moja la kiwanda. Kwa hesabu ya magari peke yake itaonekana haina kazi. Lakini lori hilo moja laweza kubeba riziki ya kilima kizima. Likiwa na kilo 5,000 za majani mabichi, hizo zitatoa kiasi cha kilo 1,100 za chai kavu, maana huhitajiwa kilo nne na nusu hivi za majani kupata kilo moja ya chai. Mhandisi mwenye busara huhesabu magari, kisha huuliza magari hayo yamebeba nini.

La tatu ni watu na mahali pafikiwapo na barabara: shule, zahanati, soko, kituo cha chai, kiwanda cha maziwa. Mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa usiku, akihitaji kufikishwa Kapkatet, Longisa au Tenwek, haingii katika hesabu ya magari, walakini kwake barabara ni jambo la kufa na kupona.

La nne ni kama kuna njia nyingine. Daraja likivunjika mahali penye njia ya kuzunguka ya kilomita mbili, hilo ni usumbufu. Likivunjika mahali pasipo na njia nyingine yoyote, watu wa upande wa pili wamefungiwa.

La tano ni usalama. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha barabara likaangukia magari na wafanya biashara waliokuwa kando, na watu zaidi ya 50 wakafa. Mwezi wa Oktoba 2018, karibu na Fort Ternan, basi lilipinduka katika mteremko, na hapo pia waliokufa walizidi 50. Mahali pa namna hiyo hapawezi kungojeshwa zamu kama mahali pengine.

La sita ni gharama, na si gharama ya leo tu, bali gharama itakayokuja ikiwa kazi itaahirishwa. Jambo hili la sita ndilo lisiloeleweka kwa wengi, nasi hatuna budi kulieleza kwa mfano.

MFANO WA BARABARA TATU

Tuseme wadi moja ina shilingi milioni 10 na barabara tatu. Hesabu hizi ni za kufundishia tu, lakini zinafanana na mambo yanayotokea.

Barabara ya kwanza ina kilomita 6 na hutumiwa na jamaa 400. Bado ni nzuri, ila mifereji imeziba na maji yameanza kupita juu yake. Kuizibua na kuisawazisha kwa greda ni shilingi 1,200,000. Ikiachwa miaka miwili, changarawe yote itachukuliwa na maji, na kuitengeneza upya kutagharimu shilingi milioni 9.

Barabara ya pili ina kilomita 4 na jamaa 150. Imeharibika kabisa, lori halijafika huko tangu masika yaliyopita, na watu hubeba majani mgongoni hadi kituo cha mbali. Kuijenga upya yote ni shilingi milioni 8.

Barabara ya tatu ina kilomita 8 na jamaa 600, na zahanati iko mwisho wake. Yote yapitika isipokuwa mahali pamoja ambapo bomba la maji limebomoka, na kila mvua inyeshapo magari husimama hapo. Kuweka bomba jipya na kujenga kingo zake ni shilingi milioni 2.

Wengi wetu tungesema mara moja: tengenezeni iliyo mbovu kuliko zote. Basi tufanye hivyo. Barabara ya pili yachukua milioni 8, na milioni 2 zilizobaki zaweka bomba katika barabara ya tatu. Fedha zimekwisha. Barabara ya kwanza, iliyokuwa nzuri, imeachwa. Baada ya miaka miwili nayo imekufa, na sasa yadai milioni 9 badala ya 1,200,000. Kwa kutibu barabara moja tumeiua nyingine, na tumeiua iliyokuwa na watu wengi zaidi. Wazee walikwisha kusema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Haya si mambo ya wadi moja tu. Katika taarifa yake ya mwaka 1994, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kama nchi za Afrika zingetumia dola bilioni 12 kutunza barabara zao kwa wakati, zingeepuka gharama ya dola bilioni 45 za kuzijenga upya. Hasara hiyo ilitokana na mifereji isiyozibuliwa na mashimo madogo yaliyoachwa yakawa makubwa.

Sasa tujaribu njia ya pili, ya kuhesabu kwa ukali. Gawanya gharama kwa idadi ya jamaa. Barabara ya kwanza yagharimu shilingi 3,000 kwa kila jamaa. Ya tatu shilingi 3,333. Na ya pili shilingi 53,333. Kwa hesabu hiyo, barabara ya pili itakuwa ya mwisho mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka utakaofuata, maana daima itatokea nyingine ihudumiayo watu wengi kwa gharama ndogo. Wale jamaa 150 watalipa ushuru wa mafuta maisha yao yote, na zamu yao haitafika kamwe. Njia ya kwanza ilikuwa na huruma bila hesabu. Hii ya pili ina hesabu, lakini watu wengine wamesahauliwa humo.

Iko njia ya tatu. Zibua barabara ya kwanza, weka bomba katika ya tatu. Jumla ni shilingi 3,200,000. Kisha usiijenge upya barabara yote ya pili, bali tafuta ni mahali gani hasa panapolizuia lori. Aghalabu utakuta si kilomita zote 4, bali ni kilima kimoja na kivuko kimoja. Ukiweka changarawe na mfereji kilimani na bomba kivukoni kwa shilingi milioni 3, lori litafika, hata kama dereva atatikisika. Jumla imekuwa shilingi 6,200,000. Zilizobaki 3,800,000 zaweza kuendelea na barabara ya pili, au kuwekwa kwa ajili ya mahali patakapobomolewa na mvua ya ghafula. Watu wote wamepata njia ya kupita, wala hakuna barabara nzuri iliyoachwa ife.

HATA MIJI MIKUBWA HUCHAGUA

Asidhani mtu kwamba taabu hii ni ya nchi za vijijini tu. Mji wa New York katika Marekani una reli ipitayo chini ya ardhi yenye vituo 472. Vingi vilijengwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mji huo, pamoja na utajiri wake wote, hauwezi kuvitengeneza vyote kwa mara moja. Wakuu wake wamelazimika kuuliza maswali yale yale: kituo chenye abiria wengi kwanza, au kilicho kibovu zaidi?

Mwaka 2018 walipopanga vituo vya kuwekewa lifti kwa ajili ya walemavu, wazee na akina mama wenye watoto, hawakutazama idadi ya abiria peke yake. Waliweka shabaha kwamba katika muda wa miaka mitano abiria yeyote asiwe mbali kupita vituo viwili kutoka kituo chenye lifti. Fikira hiyo yaweza kutufaa sana. Kaunti yaweza kusema: kabla barabara yoyote haijapata uzuri wa pili, kila jamaa iwe na njia ipitikayo mwaka mzima katika umbali fulani kutoka nyumbani. Kipimo cha namna hiyo chaweza kumlinda mtu aishiye mwisho wa kilima, ambaye katika kila hesabu ya wingi hushindwa.

Tena si chai tu inayodai barabara. Chepalungu ni nchi kavu zaidi, ya mifugo na mahindi. Soin ni nchi ya chini yenye joto, na huko hulimwa miwa. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri hayangoji kama majani ya chai yasivyongoja. Mizani ikitengenezwa kwa chai peke yake, wenzetu hao watakuwa wamehukumiwa kabla ya kusikilizwa.

MAMBO YANAYOVURUGA ZAMU

Hapana faida kuficha kwamba zamu haifuati mizani siku zote. Pana watu wenye sauti kubwa, pana miaka ya uchaguzi, na pana njia zitengenezwazo kwa sababu ya mtu aishiye mwisho wake. Dawa ya jambo hilo ni orodha. Zamu ikiandikwa, pamoja na sababu za kila barabara kuwekwa mahali ilipowekwa, ikasomwa barazani na kubandikwa ukutani, itakuwa vigumu kuipindua usiku. Zamu iliyomo kichwani mwa mtu mmoja hubadilika kama anavyobadilika yeye.

Jambo jingine ni majira. Katika nchi hii miezi yenye mvua kidogo ni Desemba mpaka Februari, na mvua huwa nyingi Aprili na Mei. Greda likifanya kazi mwezi wa Januari, udongo hushindiliwa ukashika. Fedha zikichelewa na kazi ikafanywa Aprili, greda hulainisha tope, na barabara iliyolipiwa hufutika kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kuuliza "Lini?" ni muhimu sawa na kuuliza "Wapi?"

Jambo la tatu ni uzito wa magari. Majaribio yaliyofanywa Marekani kati ya miaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na mzigo: mzigo juu ya ekseli ukiongezwa mara mbili, madhara kwa barabara ya lami huongezeka kwa kiasi cha mara kumi na sita. Lori lililojazwa kupita kiasi, liwe la chai, la kuni au la mawe, hula barabara ya watu wote kwa faida ya mtu mmoja.

WAKATI WA KUSEMA

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mtu angojaye Julai ndipo aseme amechelewa. Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Katika mpango huo hutolewa mpango wa mwaka, ambao kwa sheria hupelekwa katika Baraza la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mwelekeo wa fedha hufuata kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya matumizi kabla ya tarehe 30 Aprili. Sheria yaagiza wananchi washirikishwe katika kupanga huko. Barabara isiyotajwa katika mpango wa mwaka ni vigumu kuipatia fedha baadaye, hata kama watu watalia namna gani.

Tena aendaye kusema asiende mikono mitupu. Kusema "Barabara yetu ni mbaya" hakumsaidii mhandisi, maana kila mtu asema hivyo. Yafaa wakulima wa kituo kimoja wakae pamoja na kuandika mambo haya:

Jina la barabara, itokako na iendako, na ni ya mamlaka gani.

Mahali hasa panapozuia magari, na kama ni kilima, kivuko au mfereji.

Idadi ya jamaa, shule, zahanati na vituo vya chai vinavyoitegemea.

Siku ambazo lori lilishindwa kufika katika mwaka uliopita, na kilo za majani zilizopotea. Karani wa kituo ana hesabu za kupimia majani, na mkulima ana stakabadhi zake.

Kama ipo njia nyingine, na umbali wake.

Karatasi moja yenye mambo hayo, iliyotiwa sahihi na wakulima, ina nguvu kuliko makelele ya watu mia. Nakala moja ipelekwe kwa mwakilishi wa wadi, moja kwa ofisi ya barabara ihusikayo, na moja ibaki kwa wakulima wenyewe, ili mwaka ujao wawe na ushahidi wa walichokisema.

Iko pia kazi isiyongoja bajeti. Mwenye shamba lililo juu ya barabara asiyaelekeze maji yake njiani. Asilime mpaka ukingoni wala kufukia mfereji ili apate mstari mmoja zaidi wa michai. Wenyeji wakizibua mfereji wao kabla ya masika kwa majembe yao, huenda wameiokoa barabara ambayo kaunti ingeijenga upya kwa mamilioni. Hilo halimwondolei mwenye ofisi wajibu wake, maana ushuru umelipwa. Lakini maji hayaulizi ni wajibu wa nani.

Basi siku nyingine swali lile litakapoulizwa barazani, na liulizwe hivi: "Orodha ya zamu iko wapi, sisi ni wa ngapi, na ni kwa sababu gani?" Msimamizi aliyepanga kwa haki atafurahi kuulizwa hivyo, kwa kuwa jibu analo. Na asiyekuwa na jibu, wakulima wote waliopo watakuwa wamemsikia.